Mitihani ya Kiingereza: tuulize kwanza, tulipe mwisho

Mama mmoja wa parwasi yetu alifika kwenye biro yetu akiwa na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na karatasi ya matokeo ya mtihani wa IELTS wa mwanawe. Kijana alikuwa amepata 6.5, na chuo kikuu alichoomba huko ng'ambo kilidai 6.5. Tukaanza kumpongeza. Mama akatuambia tusome barua ya pili. Chuo kilikuwa kimekataa matokeo yale, kwa sababu kijana alifanya mtihani unaoitwa General Training, nacho kilitaka ule unaoitwa Academic.

Familia ilikuwa imeuza ng'ombe. Kanisa liliongeza sadaka. Kijana alivuka mpaka, akalala siku tatu Kampala, akafanya kazi nzuri, lakini katika mtihani ambao hakuna aliyemwomba. Hakuna mtu aliyemdanganya. Sisi wenyewe tulimchangia na kumwombea safari, wala hatukumuuliza swali hata moja.

Ndiyo maana tunawaandikia ninyi wazazi, vijana, wachungaji na viongozi wa idara za vijana. Kila mwaka wengi kati yetu wanataka kwenda kusoma au kufanya kazi katika nchi zinazotumia Kiingereza, na mlangoni wanakutana na majina haya: IELTS, TOEFL, Duolingo, PTE. Tutaeleza mitihani hii ni nini, inapima nini, nani anaidai na nani haidai, na jinsi ya kujitayarisha bila kupoteza mali ya nyumba.

Kwa nini wanatudai mtihani

Mtoto wetu anamaliza sekondari kwa Kifaransa. Diploma yake ya Serikali inaonyesha asilimia aliyopata, nayo imeandikwa kwa Kifaransa. Kiingereza alikisoma kama somo moja kati ya mengi, saa chache kwa juma. Hata anayeendelea kwenye vyuo vyetu vya Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi, kwa kawaida anafundishwa kwa Kifaransa. Vipo vichache vinavyotumia lugha mbili, kama Chuo Kikuu cha Kikristo cha UCBC kule Beni, lakini si vingi.

Sasa mwalimu aliye Leeds au Toronto anapokea barua ya kijana huyo. Atajuaje kama ataweza kufuata masomo? Hawezi kumwita amsikilize. Kwa hiyo anadai kipimo kimoja ambacho mtu wa Congo, wa China na wa Brazil wote wamepimwa nacho kwa namna ileile. Hiyo ndiyo kazi ya mitihani hii. Haipimi akili ya mtu, wala elimu yake, wala thamani yake. Inajibu swali moja tu la yule anayempokea: je, Kiingereza cha mtu huyu kinatosha kwa kazi tuliyo nayo hapa?

Tofauti moja na Mtihani wa Serikali ni lazima ieleweke mapema. Kwetu anayefikisha asilimia 50 amefaulu. Katika mitihani hii hakuna kufaulu wala kuanguka. Kila mtu anapata pointi zake, na anayesema kama zinatosha ni chuo au serikali inayompokea. Pointi 6.0 zinaweza kufungua mlango wa chuo kimoja na kufunga wa kingine.

Nyuma ya pointi hizo kuna ngazi sita za lugha zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Waliofanya mitihani ya Kifaransa ya DELF wanazijua. A1 ni mtu anayeanza, C2 ni mtu anayeitawala lugha. Vyuo vikuu vingi vinataka B2 au C1.

Majina manne ya kujua

IELTS ndiyo inayojulikana zaidi katika kanda yetu. Ilianza kwa jina hilo mwaka 1989, na wenyewe ni watatu pamoja: British Council, shirika la IDP, na Cambridge. Pointi zake huenda mpaka 9, na kuna nusu pia, kama 5.5 au 6.5. Ina aina mbili. Academic ni kwa wanaokwenda chuo kikuu. General Training ni hasa kwa wanaohama kwa ajili ya kazi na makao. Kusikiliza na kusema ni sawa katika zote mbili. Kusoma na kuandika ndiko kunakotofautiana.

TOEFL ni ya shirika la ETS la Marekani. Ilianza mwaka 1964. Kwa miaka mingi watu walizoea pointi zake za 0 hadi 120, yaani 30 kwa kila sehemu. Kuanzia Januari 2026 ETS imeingiza kipimo kipya cha 1 hadi 6. Kama chuo kimeandika hesabu ya zamani, mwombaji akiulize kinavyoisoma hesabu mpya.

PTE Academic ni ya kampuni ya Pearson. Ilianza mwaka 2009, inafanywa kwenye kompyuta, na pointi zake ni 10 hadi 90.

Duolingo English Test inafanyiwa nyumbani. Inachukua kama saa moja, pointi ni 10 hadi 160, na bei yake iko chini sana ya IELTS au TOEFL. Vyuo vingi vya Marekani na vingine vya nchi nyingi vinaikubali. Lakini haitumiki kwa kuomba makao ya kudumu Canada, wala haimo katika orodha ya mitihani ambayo serikali ya Uingereza inakubali kwa viza. Tena ina masharti magumu kwa mazingira yetu. Mtu akae peke yake katika chumba chenye mwanga, kamera ikimwona uso na masikio, bila vifaa vya kusikilizia masikioni, bila kutazama pembeni. Mtu akipita nyuma yake au intaneti ikikatika, anaweza kupoteza mtihani wote. Tumeona vijana wakiufanya alfajiri, wakati mtandao ni mwepesi na watoto wa nyumba wamelala, na betri ya kompyuta imejaa.

Matokeo ya mitihani hii yote minne huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili. Kijana anayefanya mtihani leo kwa ajili ya masomo atakayoomba baada ya miaka mitatu amelipa bure.

Ndani ya IELTS

Tuchukue IELTS Academic kama mfano, kwa sababu ndiyo inayodaiwa zaidi kwa vijana wetu. Ina sehemu nne.

Kusikiliza ni dakika kama 30, maswali 40. Sauti inapigwa mara moja tu, hairudiwi. Wasemaji wana lafudhi mbalimbali: za Uingereza, za Australia, za Amerika ya Kaskazini. Anayekosea herufi katika jibu anapoteza pointi hata kama alisikia vizuri.

Kusoma ni dakika 60, makala tatu ndefu, maswali 40. Hapa adui ni saa. Jibu baya halipunguzi pointi, kwa hiyo asiache nafasi tupu.

Kuandika ni dakika 60, kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza mchoro au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Ndiyo maana walimu wanashauri kutumia dakika 20 kwa ya kwanza na 40 kwa ya pili.

Kusema ni dakika 11 hadi 14 mbele ya msahihishaji. Kwanza anauliza habari za nyumbani, kazi au masomo. Kisha anampa mtu kadi yenye jambo la kueleza, dakika moja ya kufikiri na dakika mbili hivi za kusema. Mwisho wanajadiliana kwa kina juu ya jambo hilo.

Pointi ya jumla ni wastani wa sehemu nne, unaokaribishwa kwenye nusu iliyo karibu. Wastani ukiishia na robo unapanda juu. Tuseme dada yetu amepata 6.5 kusikiliza, 6.5 kusoma, 5.5 kuandika na 6.5 kusema. Jumla ni 25. Tukigawanya kwa nne ni 6.25, na anaandikiwa 6.5.

Je, chuo kinachodai 6.5 kitampokea? Hapo tusome barua mpaka mwisho. Vyuo vingi huandika: jumla 6.5, na kila sehemu isipungue 6.0. Kuandika kwake ni 5.5. Amefikia jumla, na bado mlango umefungwa. Tumeona familia zikishangilia mbele ya hesabu ya jumla bila kutazama zile nne zilizo chini yake.

Katika vituo kadhaa siku hizi mtu anaweza kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60, badala ya kurudia mtihani wote. Kabla ya kulipia njia hiyo, aulize kama kituo anachokwenda kinaitoa na kama chuo chake kinaikubali.

Lafudhi yetu si kosa

Vijana wengi wanaogopa sehemu ya kusema kuliko nyingine. Wanadhani watachekwa kwa sababu hawasemi kama watu wa televizyo. Wengine wanapoteza miezi wakijaribu kugeuza sauti zao.

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasoma habari za watu waliosimamishwa kwenye vivuko vya Yordani na kuambiwa watamke neno moja, Shibolethi. Waliolitamka Sibolethi waliuawa. Sisi wa mashariki hatuhitaji kufafanuliwa habari ile. Tunajua jinsi mtu anavyoweza kuhukumiwa njiani kwa namna anavyotamka.

Mtihani huu hauko hivyo. Msahihishaji wa IELTS anatazama mambo manne yenye uzito sawa: kama mtu anasema kwa mtiririko na mawazo yanafuatana, kama ana maneno ya kutosha, kama sarufi yake ni sahihi na ya namna mbalimbali, na kama matamshi yake yanaeleweka. Neno ni kueleweka. Mnande, Mshi, Mhema au Mbembe anaweza kupata pointi za juu akibaki na sauti ya kwao, mradi msikilizaji asitaabike kumfuata. Anayejibu kwa neno moja na kunyamaza ndiye anayepoteza.

Nani anadai nini

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwa masomo katika nchi jirani, vyuo vingi vya Uganda, Kenya na Rwanda havidai IELTS kwa kijana kutoka Congo. Mara nyingi vinadai diploma itafsiriwe na kulinganishwa na ya nchi yao, kisha mwanafunzi asome kozi ya Kiingereza ya miezi kadhaa au afanye mtihani wa chuo chenyewe. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi wanatazama upande huo. Tumewakuta vijana waliotafuta dola za IELTS kwa mwaka mzima, na chuo cha Kampala walichokitaka hakikuwa kimeidai hata siku moja.

Kwa Uingereza, viza ya kusoma shahada inadai kiwango cha B2. Kuna mtihani unaoitwa IELTS for UKVI. Maswali ni ya namna ileile, lakini unafanyiwa katika kituo kilichokubaliwa na serikali ya Uingereza kwa mambo ya viza. Mwombaji auulize uongozi wa chuo: mnataka ule wa kawaida, au ule wa UKVI? Jibu liwe kwa maandishi.

Kwa Marekani, kila chuo kinaweka mtihani na pointi zake. Vingine vinakubali Duolingo. Vingine vinamsamehe mtu aliyesoma miaka kadhaa kwa Kiingereza, akileta barua ya shule.

Kwa Canada, tuna neno ambalo wengi hawalijui. Anayeomba makao ya kudumu kupitia mpango wa Express Entry anaweza kuleta mtihani wa Kifaransa badala ya Kiingereza. Mitihani hiyo inaitwa TEF Canada na TCF Canada. Tena tangu mwaka 2023 serikali ya Canada imekuwa ikiita makundi maalumu ya watu wanaojua Kifaransa vizuri. Lugha tuliyosomea tangu utoto ni mali. Anayejua Kifaransa vizuri na Kiingereza kidogo asianze na mlango ulio mgumu kwake. Lakini aangalie jina kamili: DELF, ingawa ni cheti kizuri, haikubaliwi katika Express Entry. Na mtihani wa lugha ni sehemu moja tu ya mpango huo. Wanatazama pia kazi ambayo mtu amefanya, diploma zake, umri, na mara nyingi akiba ya fedha.

Mwisho, tunasema na ndugu zetu walio Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu na Kakuma. Mkimbizi anayechaguliwa na UNHCR kuhamishiwa nchi ya tatu hadaiwi IELTS wala TOEFL. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Mtu akikuambia ulipe mtihani wa Kiingereza ili jina lako liingie katika orodha ya kuhamishwa, huyo ni mwizi, hata kama amevaa beji shingoni.

Kujitayarisha kutoka katika Kifaransa

Anayejua Kifaransa ana faida, kwa kuwa maneno mengi ya shule yanafanana katika lugha hizo mbili. Lakini kufanana huko kunatega. Neno "library" kwa Kiingereza ni mahali pa kuazima vitabu, wakati "librairie" ya Kifaransa ni duka la vitabu. "Actually" haimaanishi "actuellement". Kila kijana afungue daftari la maneno ya namna hiyo na kuliongeza kila juma.

Katika kuandika, tatizo letu kubwa ni mazoea ya disertasyo. Shuleni tulifundishwa utangulizi mrefu, pande mbili zenye mapambo, na jibu mwishoni. Insha ya IELTS inataka msimamo wa mwandishi uonekane mapema, kila fungu liwe na wazo moja lenye sababu na mfano, na sentensi zisiwe ndefu kupita pumzi. Maneno 250 ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Hakuna nafasi ya mapambo.

Kwa kusikiliza, redio ya BBC ya Kiingereza inasaidia, hata dakika 20 kwa siku. Tovuti za British Council na ETS zina mazoezi ya bure, na Duolingo inatoa mtihani wa kujaribu bila malipo. Asiye na intaneti nyumbani aende siku moja penye mtandao, apakue sauti na maswali kwenye simu, arudi nayo nyumbani.

Kwa kusema, hakuna dawa ila kusema. Vijana wawili wakubaliane kwamba kutoka kanisani mpaka nyumbani ni Kiingereza tu. Watakosea, nao watazoea kutonyamaza.

Mtihani mwingi siku hizi unafanywa kwenye kompyuta. Kijana anayeandika vizuri kwa kalamu lakini anatafuta kila herufi kwa kidole kimoja atapoteza nusu ya dakika zake. Hayo ni mazoezi pia.

Je, ni muda gani unatosha? Anayekuwa tayari karibu na pointi inayotakiwa anaweza kujitayarisha kwa miezi miwili au mitatu, ajifunze namna ya maswali. Anayeanza chini hawezi kuruka kutoka A2 mpaka B2 kwa majuma sita, hata mtu akimwahidi. Ajipime kwanza kwa mtihani wa bure na kwa saa kamili, asahihishwe na mtu mwenye ukali, ndipo apange tarehe.

Fedha, pasipoti na wadanganyifu

Katika nchi nyingi za kanda yetu bei ya IELTS hupita dola 200. Kwa mtu wa Kivu au Ituri anayekwenda Kampala, Kigali au Nairobi, ongezeni nauli, kulala, chakula, na gharama za mpaka. Na malipo mengi yanafanywa kwa kadi ya benki au katika benki ya nchi ile, jambo ambalo ni gumu mahali ambapo benki hazifanyi kazi. Kabla ya kumpa mtu fedha alipe kwa niaba yenu, hakikisheni jina lililoandikishwa ni la mtahiniwa, na ujumbe wa kuthibitisha umefika katika imeili yake mwenyewe.

Kadi ya mchaguzi haitoshi. Anayefanya mtihani nje ya nchi yake anahitaji pasipoti ambayo haijaisha, nayo iwe ileile aliyojiandikishia. Hapa kuna mtego wa sisi Wacongo. Tuna jina, postnom na jina la ubatizo, lakini fomu za wenzetu mara nyingi zina nafasi mbili tu. Andika majina yote jinsi yanavyosomeka katika pasipoti, herufi kwa herufi, usiache hata moja. Karatasi ya matokeo yenye jina lililokatwa inaweza kukusumbua baadaye kwenye chuo na kwenye ubalozi.

Kuna watu katika WhatsApp wanaouza vyeti vya IELTS bila mtihani. Wanasema wana mtu wao ndani. Vyuo na balozi havitegemei karatasi uliyoishika mkononi. Vinaingia kwenye kumbukumbu za wenye mtihani na kutafuta namba yako. Cheti cha uongo kikigunduliwa, mtu anaweza kukataliwa viza na kufungiwa kuomba kwa miaka. Anayekinunua anapoteza fedha zake leo, na jina lake kesho.

Maswali manne kabla ya sadaka

Baada ya yule mama kuja na bahasha yake, tulikubaliana jambo moja katika biro yetu. Kijana akija kuomba kanisa limsaidie kulipa mtihani, tunamwomba majibu ya maswali manne, yaliyoandikwa:

1. Nani anakudai mtihani? Tuonyeshe barua au ukurasa wa chuo, si maneno ya rafiki.
2. Anataka mtihani gani, kwa jina lake kamili, na aina gani?
3. Anataka pointi ngapi kwa jumla, na ngapi kwa kila sehemu?
4. Anataka matokeo kabla ya tarehe gani, na wewe umepata ngapi katika mtihani wa kujaribu?

Mwanzoni wengine walikasirika. Walidhani tunataka kuwazuia. Lakini wengi waliokwenda kutafuta majibu walirudi na mpango mwingine: mmoja aligundua chuo chake kinakubali Duolingo, mwingine kwamba Kifaransa chake kinatosha, mwingine kwamba bado miezi minane ya kujifunza. Hakuna kati yao aliyepoteza ng'ombe.

Parwasi yoyote inaweza kufanya hivyo. Haihitaji mradi mkubwa. Inahitaji chumba Jumamosi mchana, mwalimu mmoja wa Kiingereza anayekubali kusahihisha insha, kompyuta moja au mbili, na saa ya ukutani. Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi: aulize yale maswali manne kwa Kiswahili, wala asitoe franga mpaka asikie majibu.

Na tuseme hili pia kwa vijana. Atakayepata 5.0 hakupungukiwa mbele ya Mungu wala mbele yetu, na atakayepata 8.0 hakuongezewa kitu cha kumdharau aliyebaki kulima au kufundisha hapa. Ni kipimo cha lugha moja, kwa siku moja, kwa ajili ya mlango mmoja.

Yule kijana wa mwanzo bado yuko nasi. Anakusanya fedha za kufanya Academic, na safari hii ameanza na barua ya chuo. Wakati anangoja, yeye ndiye anayeongoza kundi la Jumamosi. Kabla ya somo anaandika maswali manne kwenye ubao, na mgeni akiuliza ni ya nini, anatoa karatasi yake ya 6.5 na kumwonyesha.